Dada Kiputo na Mkono wa Pili wa Mshonaji

Saa tatu kasoro asubuhi, Dada Kiputo ameinama juu ya chipu ya plastiki angavu isiyozidi kidole gumba. Anaigonga kwa ukucha, anaitazama, anaigonga tena. Pampu bado haijawashwa. Damu ya mgonjwa wa saratani, mama mmoja mshonaji wa nguo, mililita saba tu, inasubiri pembeni.

"Toka, shetani wewe," anaiambia hewa.

Wenzake wa maabara wanacheka. Ndio waliompa jina hilo, maana mama huyu wa miaka thelathini na minane hana adui duniani ila kiputo cha hewa. Ndani ya chipu mna vijia vyembamba kuliko unywele. Damu ikisukumwa taratibu, seli za kawaida hupenya zikaenda zao. Za saratani, kubwa na ngumu, hunaswa njiani. Huenda zikawa tano tu katikati ya mabilioni. Kiputo kikiingia, damu inakwama na kazi yote imekwenda na maji.

Hilo hakulijua kwa kusimuliwa. Miezi minne iliyopita alikuwa na haraka, akaruka hatua ya kutoa hewa, akaiharibu damu ya mshonaji huyuhuyu.

"Andika sampuli haikufaa, yaishe," msimamizi alimshauri.

Wapi! Alitoka hadi kwenye benchi la kungojea, alikokaa mshonaji.

"Mama, nimeiharibu damu yako. Ni mimi, si mashine."

Mshonaji aliutazama mkono uliokwisha kuchomwa. Dawa zilishaichosha mishipa yake. Kutolewa damu kulikuwa kuchomwa na kuchomwa tena.

"Ningekuharibia gauni la harusi, ungenikaba," alisema. Kisha akakunja mkono wa pili wa blauzi. "Haya mwanangu, toa. Lakini leo leo, usinizungushe."

Siku ile zilipatikana seli kumi na nne, na daktari akabadilisha dawa. Leo ndiyo itajulikana kama dawa mpya zinamsaidia.

Saa sita mchana chipu iko chini ya hadubini. Dada Kiputo anahesabu, midomo ikimcheza. Anahesabu upya. Anamwita mwenzake ahesabu peke yake, bila kumwambia kitu.

"Tatu," anasema mwenzake.

"Tatu," anaitikia, machozi yakimlengalenga.

Majibu ni ya daktari kuyatoa, si yake. Anapita mbele ya benchi akijikaza.

"Kiputo je?" anauliza mshonaji.

"Hakikuingia, mama."

"Mbona unalia?"

"Vumbi tu."

"Maabara gani hiyo yenye vumbi?" Mshonaji anamkazia macho, kisha anaanza kutabasamu polepole.

Mwezi ujao Dada Kiputo ataanza kuwafundisha mafundi wa maabara wa zahanati sita ndogo, ili wagonjwa wao wapimwe karibu na kwao. Ameomba mwenyewe kazi hiyo, akakataliwa mara mbili, akaomba tena. Somo la kwanza ameshalipanga.

"Kabla hawajaigusa pampu," anasema, "nitawatoa nje, niwakalishe kwenye lile benchi."