Mwanamke Aliyeitwa Sijui

Bibi Masikio, binti wa mshona magodoro, mjukuu wa mwanamke aliyevuka mto na watoto saba wasio wake akafika na wote saba, ndiye aliyefua mablanketi katika shule iliyogeuzwa makazi ya waliokimbia vita. Mmoja wa wale saba alikuwa mama yake.

Asubuhi za pale zilikuwa kama za ndotoni. Mvuke wa mapipa ya maji moto ulitanda uani, mablanketi yakaning'inia kama mawingu yaliyoshushwa, na watoto wakapita kati yake, miguu tu ikionekana.

Miguu miwili ilikuwa ya binti wa miaka minne, aliyeokotwa njiani peke yake. Karani wa uandikishaji alimuuliza jina la mama yake.

"Sijui."

Karani akaacha nafasi wazi. Mara tatu aliuliza, mara tatu jibu lilikuwa hilo hilo, na mara ya tatu mtoto alilia. Basi ikaamuliwa: Ijumaa apelekwe nyumba ya yatima, mbali, maana hana wa kumuulizia.

Alhamisi, bibi akikamua blanketi, alimsikia mtoto yule nyuma ya kamba akimgombeza mwanasesere wake wa matambara kwa sauti ya kiutu uzima: "Tulia. Sijui amesema tumngoje hapa hapa."

Maji yakamtiririkia bibi miguuni. "Nani amesema, mjukuu wangu?"

"Sijui."

"Sijui ndiye nani?"

"Si mama."

"Si mama yako?"

Mtoto akamtazama kama mtu anayetazama mjinga. "Ndiye mama. Watu wote wanamwita hivyo."

Bibi akamwendea karani, mikono ingali inafuka mvuke. "Mwanangu, mtoto alikujibu mara tatu. Wewe ndiye uliyekuwa husikii."

"Bibi, mtu gani anaitwa Sijui?"

"Yule ambaye baba yake aliulizwa aitwe nani. Shukuru baba yako alikuwa na jibu."

Karani akapiga simu makazi mengine ya wakimbizi, kuulizia jina hilo. Huko kulikuwa na mwanamke waliyemwandika kwamba kapoteza kumbukumbu: kila akiulizwa jina anasema Sijui, wakirudia kumuuliza anawaka.

Mwanamke huyo alifika Ijumaa, kwa gari lile lile lililokuja kumchukua mtoto. Akaingia kati ya mablanketi, akafunua hili, akafunua lile, mpaka chini ya kamba ikaonekana miguu minne imesimama pamoja.

Bibi akamsukumia karani kigoda chake kinachonuka sabuni. "Meza yako ndefu mno. Kaa hapa chini. Wasikilize watoto kwanza wanavyosemezana wao kwa wao, ndipo uandike."

"Na wewe utakalia nini?"

"Mimi nafua nimesimama. Wale mapacha wanaolala chumba cha darasa la mwisho nao wana nafasi wazi. Anza nao."