Maji ya Msingi Niliyowanywesha Ndama

Mwanangu, mama yako kaniambia jana sokoni Kashaulili kwamba kesho kutwa unamwaga zege la msingi. Kaa kidogo. Tangu nisikie hivyo, kila nikifumba macho naiona ile Oktoba yetu ya kijijini Magamba, jua limewaka mpaka miti ya mbali inaonekana kama inaogelea hewani.

Nilikuwa kijana, nina kiburi cha kuwatosha vijana watatu. Mama yangu alikuwa anaumwa kifua, na kibanda chake cha nyasi kilivuja. Nikamwahidi, "Mayu, mvua za mwaka huu zitakukuta chini ya bati." Akacheka tu.

Fundi wetu alikuwa Mzee Ladislaus, Mpimbwe mmoja mpole, mtu wa kanisani. Kabla hajaenda msibani Ikola alinielekeza vizuri: anzeni kukipambazuka, lowesheni mtaro na kokoto, mmalize jua halijawa kali, mfunike kwa magunia yaliyoloweshwa, halafu mmwagilie asubuhi na jioni siku saba. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Masikio yalikuwepo, mwenyewe sikuwepo.

Siku yenyewe nikawasubiri shemeji zangu, nilitaka waone ninavyojenga. Wakafika jua liko utosini. Tukamwaga hivyo hivyo, na nyimbo juu. Zege likawa linagandia kwenye chepe, tukaliongezea maji lilainike. Lo! Tulijiona wajanja.

Jioni yalibaki madumu manne ya kumwagilia, tumeyaleta kwa mkokoteni kutoka kisimani. Ndama wakaanza kulia zizini. Sisi Wasukuma unatujua, mwanangu: kwetu mtu hanywi kabla ng'ombe hawajanywa. Nikayamimina yote horini. Nikasimama pale nasikiliza wanavyokunywa, vumbi jekundu linatua, kengele zinalia polepole, nikajiona mwana mwema kweli kweli. Kesho yake nikafanya vile vile, na siku iliyofuata.

Mzee Ladislaus aliporudi, nyufa zilikuwa zimeenea msingi mzima. Akakwaruza kwa msumari, zege likapukutika kama ukoko mkavu. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Ndama walilia, ukawasikia," akasema. "Zege halilii. Na mama yako naye halii, wewe kijana."

Nikageuka. Mama alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda chake, mkono kifuani, ananitazama huku anatabasamu. Niliona aibu.

Tulivunja zege lote. Sementi nyingine ilipatikana baada ya mavuno, na mvua hazikunisubiri. Msimu mzima mama alihamisha kitanda chake kona hii na kona ile, anakikwepesha na matone, hakusema neno. Kikohozi ndicho kilichosema.

Kiangazi kilichofuata tulimwaga alfajiri, hewa ya baridi, udongo umelowa, harufu yake kama ya mvua ya kwanza. Na kila asubuhi mama alitoka na kata yake, akaugawia msingi nusu ya maji yake ya kuoga, taratibu, kama anamwogesha kichanga. Mpaka leo nikikaa kimya nayasikia yale maji. Chini ya bati alilala msimu mmoja wa mvua tu, mwanangu. Ingekuwa miwili.

Basi nisikilize. Jua la huku msilifanyie mchezo. Kesho kutwa anzeni kukipambazuka, hata kama shemeji hawajafika, watakuta kazi imeisha. Zege likiwa gumu, msiliongezee maji, changanyeni kidogo kidogo. Wingu likitanda, turubai liwe karibu. Maji ya msingi yatenge mapema, na ya ng'ombe yatenge mbali nayo, halafu siku saba usimwachie mtu mwingine kazi ya kumwagilia.

Jambo moja limebaki. Jana nilimuuliza mama yako chumba chake kitakuwa kipi kwenye hiyo nyumba. Akacheka tu. Kicheko hicho nakijua. Pita kwake leo, umuulize mwenyewe analalaje, wala usingoje aseme.

Haya, nenda. Mungu aulaze msingi wako salama, na mama yako aisikilize mvua juu ya bati lako miaka mingi, amelala pakavu.