Hedi Juu ya Kioo cha Mshonaji

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa fundi huyu wa pikipiki ni kwamba hunawa mikono kabla ya kazi. Mafundi wengine hunawa baada ya kazi, na wapo wanaoona hata hiyo ni anasa. Hujipangusa kwenye suruali, maisha yakaendelea. Yeye, kabla hajagusa chochote cha ndani ya injini, huenda kwenye beseni la bluu lililo kando ya mlango, akatia sabuni, akasugua kidole kimoja kimoja mpaka kwenye kucha, kisha akaisimamisha mikono hewani ikauke, kama mtu anayesubiri kuingia chumba cha upasuaji. Mteja mwenye haraka anaweza kupandwa na presha papo hapo. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Daktari, na yeye ameshazoea kuitika.

Ukimwuliza sababu, atakwambia kuwa ndani ya injini hakuna uchafu mdogo. Chembe ya mchanga ambayo jichoni ingekutoa machozi tu, kwenye silinda huchora mstari usiofutika.

Gereji yake ni banda la mabati lililoegemea ukuta wa nyumba, na upande wa pili wa ukuta huo ni chumba ambamo mkewe hushona nguo za watu. Katikati kuna dirisha lisilo na kioo. Hapo hupita chai, mkasi, bisibisi, umbeya wa mtaa na maneno ya mapenzi yaliyovalishwa nguo za utani. Injini ikinguruma huku na cherehani ikilia kule, wao wawili husikilizana vizuri tu, ingawa mtu wa tatu hawezi kuambulia neno.

Tangu goti la kulia la Daktari lilipokataa kukunja, haendeshi tena. Zamani hilo lisingemnyima usingizi. Lakini binti yao wa pekee amejifungua mtoto wa kike, na anaishi nyuma ya vilima, mahali ambapo gari la abiria huishia mbali na mtu hupaswa kumalizia kwa miguu au kwa pikipiki. Mjukuu wanamwona kwenye simu, uso wake ukikatikakatika kila mtandao unapoyumba. Ndipo siku moja mshonaji alipoingiza kichwa dirishani na kusema, "Baba watoto, nifundishe kuendesha. Miaka yote umenibeba wewe. Sasa panda nyuma, nikubebe mimi."

Daktari alicheka kwanza. Kisha alimtazama, akaacha kucheka, akaenda kunawa mikono.

Kwa kuwa mshonaji ni mfupi, alimshushia kiti cha pikipiki yao ya zamani mpaka miguu yake yote miwili ikagusa chini. Pikipiki za chuo cha udereva zilimwacha akining'inia kama nguo kwenye kamba. Hivyo ilieleweka wazi: mtihani ataufanya kwa pikipiki hii au hataufanya. Na mtahini wa leseni huja kwa nadra. Anayemkosa hungoja mpaka aje tena, na mjukuu hangoji mtu, anakua.

Alasiri ya kuamkia mtihani, mshonaji alirudi kutoka kwenye mazoezi ya mwisho akiwa amenyamaza. Pikipiki nayo ilikuwa karibu inyamaze.

"Imechoka," alisema akivua helmeti.

"Imechoka vipi?"

"Inapanda kilima kama ninavyopanda ngazi mimi. Inahema. Halafu kuna sauti, fyu, fyu, fyu, kama mtu anayepuliza chai."

Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na gereji na ambaye hajawahi kusikia mazungumzo akayaacha yapite, alisimama mlangoni na kitana mkononi. "Shemeji, umeiua? Nilisema mimi, pikipiki nayo ina aibu zake. Haitaki kuonekana barabarani na bibi mwenye mjukuu."

"Wewe nyoa watu," mshonaji alimjibu. "Kesho nikifaulu, ujue ni zamu ya hayo masharubu."

"Ahadi ni ahadi. Ukirudi na leseni, nayanyoa mbele ya mtaa mzima." Aliyapapasa kwa upendo. Alikuwa ameyafuga tangu enzi za ujana wake, na hakuonekana kuwa na wasiwasi hata kidogo.

Daktari aliinama kadiri goti lilivyomruhusu, akaangalia pale silinda inapokutana na kifuniko chake, kile ambacho mafundi hukiita hedi. Kati ya viwili hivyo hukaa gasketi, bamba jembamba kama ganda la daftari, ambalo kazi yake ni kuzuia moto na hewa ya ndani visitoroke. Aliona jasho la oili upande wa plagi, ile inayotoa cheche, na vumbi limeshikamana nalo. Gasketi? Inawezekana. Lakini pikipiki ikihema huweza kuwa imechakaa ringi za pistoni, zile pete zinazobana hewa silindani, au valvu hazifungi, na yeye si mtu wa kumpasua mgonjwa kwa kukisia.

Alifungua plagi na kuziba tundu lake kwa kidole gumba. "Mama watoto, nipigie kiki."

Mshonaji akapiga. Hewa ambayo ingepaswa kukirusha kidole ilikisukuma kwa unyonge.

Daktari akamwaga kijiko cha oili ndani ya tundu. Ringi zikiwa zimechakaa, oili huziba pengo lake kwa muda na nguvu hurudi. "Tena." Alipiga tena. Unyonge ulikuwa uleule.

"Si ringi," alisema. Alirudisha plagi, akakoroga sabuni kwenye kikopo mpaka povu likasimama, akalipaka kuzunguka maungio ya hedi na silinda kwa brashi ya kunyolea ambayo kinyozi aliistaafisha. "Piga mara ya mwisho, taratibu."

Upande wa plagi povu likavimba, likatoa kiputo kimoja kikubwa, kikapasuka. Kingine kikafuata. Kwingine kote lilitulia.

"Basi ni gasketi," Daktari alisema, na alishangaa kusikia sauti yake imetulia. "Gasketi mpya tunayo. Tungoje injini ipoe, tufungue."

"Kwa nini tungoje? Muda unakwenda."

"Hedi haifunguliwi ikiwa moto. Chuma kikiwa moto ni kama nguo mbichi, ukikishtua kinajikunja. Hata maji baridi tu yanatosha kukiharibu."

Mshonaji alifungua mdomo, akaufunga. Aliingia ndani. Daktari alisubiri kusikia cherehani ikianza, maana mkewe akiwa na wasiwasi hushona. Hata tambara hulipindia. Cherehani haikulia.

Injini ilipopoa, alinawa mikono, akafungua tangi, bomba la moshi na kabureta, akalegeza nati nne za hedi kwa zamu, kila moja kidogo kidogo. Hedi ikatoka. Gasketi ya zamani ilikuwa na njia nyeusi upande wa plagi, kama mahali ambapo chungu kimevuja mchuzi ukaungua. Ugonjwa ulikuwa umethibitishwa. Lakini alipoigeuza hedi ili aipanguse, aliona kitu kati ya yale mapezi ya chuma yanayopoza injini: utando mweupe uliokaukia hapo, umeungua kingo zake. Aliukwangua kwa ukucha, akanusa. Ilikuwa sabuni ya unga, ileile ya kufulia nguo za nyumbani kwake.

Alikaa kwenye kigoda akiwa na hedi mapajani. Alikumbuka kwamba jioni ya jana pikipiki ilikuwa inang'aa, naye akadhani ni jua la magharibi. Akakumbuka maneno yake mwenyewe kuhusu maji baridi, na ule mdomo uliofunguka ukafungwa. Alitamani ayarudishe yale maneno tumboni.

Sasa asingeweza kufunga gasketi mpya tu akaondoka zake. Kama hedi imejikunja, gasketi mpya ingeungua kabla mtahini hajamaliza kuandika jina. Ili kuipima alihitaji kioo, kwa kuwa kioo kimenyooka kuliko kitu chochote kilichomo gerejini, na kipande chake alikuwa amekivunja siku nyingi.

"Mama watoto," aliita kupitia dirishani. "Una kioo?"

Kikasikika kishindo cha msumari ukitolewa ukutani, na mshonaji akatokea mlangoni amekumbatia kile kioo kirefu ambacho wateja wake hujitazamia wakija kupima nguo. Alikilaza mezani juu ya blanketi. Daktari aliiweka hedi juu yake, uso chini, akaibonyeza pembe moja kwa kidole. Tiki. Akabonyeza pembe ya pili. Tiki. Ilikuwa inacheza, kidogo sana, kama meza yenye mguu mmoja mfupi.

"Mimi ndiye niliyeikunja," mshonaji alisema.

Daktari hakuinua macho. "Gasketi ilikuwa ya zamani."

"Usinifiche kama mtoto. Jana nilishuka kilimani, injini inachoma, nikachota ndoo ya maji ya kisimani nikaimwagia yote. Nikaisugua na sabuni. Nilitaka kesho mtahini aione safi."

"Ungeningoja tu, mama."

"Ningekungoja nini? Wewe hugusi injini mpaka unawe." Alifuta vumbi kwenye ukingo wa kioo. "Nikajua injini ni kitu cha kuoshwa. Nimekuona unanawa nusu ya maisha yangu, nikadhani nimejifunza."

Katika miaka yote hiyo Daktari alidhani kuwa mtu anayemwangalia akinawa ni mteja mwenye haraka tu. "Basi umejifunza nusu," alisema. "Nusu ya kwanza ni kunawa. Ya pili ni kungoja ipoe."

"Na ulikuwa unaiweka wapi hiyo ya pili?"

"Niliiweka niwe na cha kukufundisha uzeeni."

Mshonaji alicheka akiwa na machozi, akajifuta kwa utepe wa kupimia uliomning'inia shingoni. Ng'ambo, kinyozi aliyekuwa ametega sikio alirudi ndani kimyakimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Kazi iliyobaki ilitaka mtu wa kusimama na kuegemea meza kwa muda mrefu, na goti la Daktari halikuwa la kazi hiyo. Alitandaza karatasi ya msasa laini juu ya kioo, akailowesha kidogo ili ing'ang'anie. "Leta chaki yako," alisema. Mshonaji akaleta chaki anayochorea vitambaa, na kwa agizo la mumewe akaupaka uso wote wa hedi mistari.

"Sasa isugue kwa mizunguko. Usikandamize upande mmoja. Chaki ikifutika kote, imenyooka. Ikibaki mahali, hapo pana bonde."

Mshonaji alinawa mikono kwenye beseni la bluu, kidole kimoja kimoja mpaka kwenye kucha, akaisimamisha hewani ikauke. Kisha akaanza. Mikono yake, iliyozoea kusukuma kitambaa chini ya sindano bila kukivuta, ilijua yenyewe uzito wa kuweka. Hedi ilizunguka juu ya msasa kwa mlio mwembamba usiobadilika. Mara ya kwanza chaki ilibaki upande wa plagi, pana kama jani. Akachora tena, akasugua tena. Jani likawa kama ukucha. Hakupumzika. Daktari alimtazama kwenye ule upande wa kioo ambao msasa haukuufunika, akaona kidevu cha mkewe na nywele mbili tatu za mvi zilizoponyoka kwenye kitambaa, na hakukumbuka kama alikuwa na kitu kingine cha kutazama.

Ukucha wa chaki ukafutika. Waliigeuza hedi kwenye kioo kitupu, wakabonyeza pembe zote. Haikucheza.

Wakaiosha kwa petroli, wakaikausha, wakaweka gasketi mpya. Nati nne akazikaza mshonaji mwenyewe, kwa kupishana, ya huku kisha ya kule, kidogo, kidogo tena, na mwisho kwa ile spana inayopima nguvu. "Ni kama kubana nguo ya bibi harusi," alisema. "Ukianza kubana upande mmoja, yote inakwenda mrama." Daktari alirekebisha valvu. Kabla jua halijazama pikipiki iliwaka kwa kiki ya pili, na povu la sabuni lilipopakwa tena likakaa kimya kama maziwa kwenye bakuli. Waliiacha ilale ipoe, na alfajiri wakazikaza nati upya, kwa sababu gasketi mpya hulegea kidogo baada ya kuonja moto.

Mshonaji alivaa helmeti mbele ya kioo kilichorudi ukutani. Alijitazama, akaikaza kamba, akatoka. Kinyozi alikuwa tayari mlangoni kwake.

"Shemeji, kwenye kona usiangalie tairi. Angalia unakokwenda," alisema, bila utani.

"Na wewe noa wembe," alijibu mshonaji, akaweka gia, akaondoka.

Sasa asubuhi imekomaa. Daktari ametandaza zana mbele yake lakini hajashika hata moja. Amenawa mikono, imekauka, amenawa tena. Begi la safari ya kwa mjukuu limefungwa tangu alfajiri. Lina kofia ya sufi, shuka dogo lililopindwa kwa uzi wa waridi, na dawa ya goti. Kinyozi amemwacha mteja nusu kichwa, amesimama nje anapapasa masharubu, na kwa mara ya kwanza anaonekana ana wasiwasi nayo.

Pikipiki moja inapita barabara ya juu. Daktari anainua kichwa. Si yenyewe; hiyo ina ringi mbovu. Nyingine inapita. Nayo si yenyewe. Kisha kwa mbali, chini ya kilima, kuna injini inayobadilisha gia kwa uangalifu, kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto mchanga. Hakuna fyu, fyu. Daktari anashika ukuta, ananyanyuka na goti lake, anasogea hadi ukingo wa barabara, na kusikiliza inavyoanza kupanda.