Kizunguzungu cha Marietha na kopo la misumari

Saa mbili asubuhi, Keko, wilayani Temeke. Marietha Chilumba anapiga vanishi kabati la nguo huku akiimba. Amevaa barakoa yenye vichujio, kwa hiyo maneno hayasikiki, ni mvumo tu.

"Akinyamaza ndiyo tunaogopa," anasema Polikarpo, seremala mwenzake. Karakana nzima inacheka.

Mwaka jana mambo hayakuwa hivi. Marietha, mzaliwa wa Masasi na mama wa watoto wawili, alikuwa akipiga vanishi kwenye chumba kisicho na dirisha. Siku moja ya joto kali, alianguka. Alizindukia barazani, wenzake wakimpepea kwa vipande vya boksi.

Alipumzika akapona. Mwenye karakana, Haroub Matar, akahamishia kazi hiyo uani penye upepo na kununua barakoa. Lakini Marietha aliporudi kazini, kizunguzungu nacho kikarudi.

"Mtaani walishaniambia mapafu yameoza. Nikikohoa, jirani ananitazama kama ananiaga," anasema.

Asubuhi moja Polikarpo alifungua kopo la vanishi karibu naye. Marietha kichwa kikamzunguka, mikono ikafa ganzi, akakaa chini. Kumbe kopo lilikuwa na misumari.

"Walicheka. Mie nikalia. Niliona wananichukulia muongo, na kichwa kinaniuma kweli!"

Haroub hakucheka. Alimpeleka zahanati, akapimwa, mapafu yakaonekana mazima. Muuguzi, Atuganile, ndiye aliyekaa naye.

"Aliniambia, 'Dada, hujifanyi. Mara ya kwanza ile hewa ya vanishi ilikudhuru. Mwili haujasahau, sasa ukiona kopo tu unajihami. Na maneno ya majirani yanazidisha hofu.' Nikamuuliza, kwa hiyo nimepata wazimu? Akasema, 'Basi tuko wawili. Mie nikisikia king'ora cha gari la wagonjwa hata nikiwa likizo, moyo unanienda mbio.'"

Akamshauri arudi taratibu, asivue barakoa, na akihisi vibaya atoke nje apumue polepole.

Marietha alianza kwa kukaa upande wa pili wa ua. Kisha akapiga msasa. Mwishowe akashika brashi. Kuimba alikubuni mwenyewe, maana alikuwa akibana pumzi bila kujua, na anayeimba lazima apumue. Polikarpo alimwomba radhi kwa sahani ya mihogo ya kukaanga, akawakataza wenzake kumuuliza kila dakika kama yu mzima.

"Walikuwa wananiuliza mpaka naanza kuumwa!" anasema Marietha, akicheka hadi anafuta machozi.

Leo kizunguzungu humjia mara chache, kikapita.

Sasa ana kiwanja Chamazi, na nguzo za banda zimeshasimama. Anataka kuwafundisha wasichana ufundi wa vanishi. Haroub amemuonya asimwibie wateja.

"Nimemwambia, braza, nitakuibia na Polikarpo," anasema. "Ila wanafunzi wangu, siku ya kwanza kabisa nitawaambia: ukijisikia vibaya, sema. Mie nitakuamini, halafu ndiyo tutafute sababu."