Shemeji Aliyeacha Manukato

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa dalali wa mnada. Kwa ulimi wake angeweza kumuuzia kabati mtu asiye na nguo. Hata nyumbani hakunyamaza: aliinadi chai mezani, na watoto walipokataa uji aliutafutia mteja mwingine. Kwa hiyo alipoanza kwenda bwawani kila Jumapili kuvua kwa fimbo, eti kwa kujiburudisha, sote tulisema samaki wamepona.

Mkewe ndiye aliyeona mabadiliko. Kwanza mume aliacha manukato. Kisha mashati meupe yakabaki yametundikwa, akawa anatoka na shati moja la rangi ya majani makavu. Alirudi bila samaki hata mmoja, lakini mwenye furaha. Na mume mwenye furaha isiyo na sababu, aliniambia mkewe, ana mtu.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "wanaume wakipata mtu hujipulizia. Huyu ameacha."

"Basi huyo mwanamke hapendi manukato niliyomnunulia mimi, dada!"

Sanduku lake lilikuwa tayari barazani. Katika ukoo ule niliolewa kwa heshima, na sikuwahi kuona mke akitoka na sanduku mchana kweupe, majirani wakianika nguo.

"Lirudishe ndani," nikasema. "Kama ni kuondoka, utaondoka na ushahidi. Anayelalamika bila ushahidi huachika, na juu yake huchekwa."

Tukaenda bwawani, yeye mbele, viatu mkononi kwa sababu ya tope.

Tulimkuta shemeji kwenye matete, ametulia hivi kwamba kongoti, yule ndege wa miguu mirefu, alimpita karibu na magoti kama anapita kisiki. Kwenye ncha ya fimbo alikuwa ametua mdiria, ndege mdogo wa buluu mla samaki. Ndege na dalali walikodolea maji macho kama washirika wa duka moja.

"Yuko wapi?" mkewe akapaza sauti.

Mdiria akafyatuka. Kongoti akaruka. Hata vyura walinyamaza.

"Nani?" shemeji akauliza.

"Huyo anayekukataza manukato!"

"Samaki," akajibu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Wananusa. Na shati jeupe linawatisha ndege. Haya, mmeshafika, kaeni. Shemeji, karibu hapo pakavu."

Mkewe akakaa. Si kwamba aliamini. Alikuwa anamsubiri mwanamke. Wakarudi vyura kwanza, halafu kongoti. Mwanamke hakutokea.

"Kumbe unaweza kunyamaza," mkewe akanong'ona mwishowe.

"Hapa hakuna mnunuzi."

Mshipi wa fimbo ukakazika. Shemeji akavuta kambare mnene, akalowesha viganja kwanza ndipo akamshika, akamchomoa ndoana taratibu, akamwachia aende zake.

"Mbona umelowesha mikono?"

"Mkono mkavu unamtoa ule utelezi wake. Akiukosa, anaugua."

Mkewe akamtazama. "Mimi ukinishika hujawahi kuwaza kama nitaugua."

"Wewe hujawahi kutulia nikushike."

Hapo mimi nilijishughulisha na kuyatazama matete. Kuna mazungumzo ambayo mjane mwenye adabu hayasikii, hata akiwa hatua mbili tu.

Miguu ilipokufa ganzi nikasema, "Basi twende zetu." Mke wa shemeji hakugeuka. Aliinua kidole kunizuia, macho kwenye ncha ya fimbo. Mdiria alikuwa amerudi.

Nikarudi peke yangu. Langoni jirani akanidaka, kwa ile huruma ya watafuta habari.

"Nimemwona mke wa shemeji yako anatoka mbio na viatu mkononi. Kuna usalama?"

"Upo. Yuko na mumewe."

"Wanagombana?"

"Hapana. Wamekaa kimya, hata neno hawasemezani."

Jirani akashika kifua. "Maskini! Kumbe imefikia huko?"