Chelagat na Divai ya Kunusa

Katika wauguzi wote wa mji wa Adelphi, huko ughaibuni, hakuna anayeijua divai nyekundu ya mzee Wayne kama Chelagat, na Chelagat hajawahi kuinywa. Yeye ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na kanisa lao halina mzaha na vileo. Kunusa, hata hivyo, katiba haikukutaja.

Ilianza miaka mitatu iliyopita. Binti yake, Jelagat, alimpeleka kutembea shambani kwa Wayne, mwendo wa saa moja kutoka Adelphi: ekari nne za mizabibu, wakulima mke na mume tu, samadi ya ng'ombe, dawa hakuna, na kila kitu kwa mtindo wa Burgundi kule Ufaransa, jambo ambalo Wayne hulieleza hata asipoulizwa. Chelagat aliinua glasi kwa adabu tu. Moshi wa pipa la mbao lililobabuliwa ndani, ilimokaa divai, ulipompanda puani, akakaa chini. Ilikuwa harufu ya kibuyu cha mursik jikoni kwa mama yake, Kapsabet: kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, maziwa yakamiminwa, yakaachwa yagande. Mama alizikwa mwaka wa korona, Chelagat akitazama kwenye simu. Vibuyu vikagawiwa majirani. Siku hizi nyumba ile inatumia jagi la plastiki.

"Unapata nini humo?" Wayne aliuliza, akingojea atajiwe harufu ya cheri au uyoga, kama waonjaji wasemavyo.

"Mama."

Tangu siku hiyo huja kila mwezi, huagiza glasi moja, huinusa nusu saa, kisha huiacha ilivyo. Wayne huwaambia wageni kwamba huyo ndiye mwonjaji wake bora.

Jumamosi iliyopita Wayne alimjia na chupa kama mtu aletaye habari za msiba. Pipa lile kuukuu lilikuwa limepasuka. Hii ndiyo chupa ya mwisho. Zijazo zitatoka kwenye pipa jipya, nazo zitanukia vanila.

Chelagat akanusa. Alijua kwamba akiinuka pale, harufu itabaki mezani, naye hana pengine pa kuipata.

"Mum, wait," Jelagat alisema, alipoona glasi inaacha pua na kuelekea mdomoni. "Si ulisema ni dhambi?"

"Wewe tazama mizabibu."

Akanywa. Akakunja uso.

"Vipi?" Wayne aliuliza.

"Mama angeirudisha. Angesema, 'Nani huyu ameosha kibuyu kivivu hivi?'"

Maneno yalimtoka kwa sauti ya mama mwenyewe, ile ya kusimanga wakwe, ambayo miaka mitatu ya kunusa haikuwahi kumletea. Akacheka mpaka akafuta macho.

Wayne hakucheka. Alivuta kiti. "Basi kinaoshwaje?"

"Kwanza unatafuta mti," Chelagat alisema, akiisukuma glasi kando ili mikono ipate nafasi. "Na si mti wowote tu. Jelagat, sogea hapa. Hata wewe hujui."