Mshono wa Miezi Sita

Nilikuwa bado nahema kwenye ngazi, begi begani, nikitafuta chumba nilichopangishwa kwa simu tu, niliposikia cherehani ikienda kwa kuchechemea: kishindo, kisha mburuzo. Ghorofa ya tatu mlango ulikuwa wazi. Mwenye nyumba, mama mshonaji ambaye mtaa mzima humwita Fundi, alinikaribisha bila kuinuka kwenye cherehani yake.

“Ingia, mwanangu, vitambaa haviumi. Mimi nakwenda hospitali. Ufunguo huo hapo.”

Miguu yake ilikuwa imevimba, kandambili zimegoma kuingia. Moyo ulikuwa umechoka kusukuma damu, alinieleza, akawekewa betri chini ya mtulinga na kuingizwa kwenye utafiti wa kulinganisha njia mbili. Njia moja hutumia nyaya mbili zinazoushtua moyo kushoto na kulia kwa pamoja. Nyingine hutumia waya mmoja uliopachikwa kwenye njia ya umeme ya moyo wenyewe. Miezi sita hii, miezi sita ile, na mgonjwa haambiwi ipi imewashwa.

“Mimi sikuhitaji kuambiwa.” Akanirushia foronya mbili, moja ya kila miezi sita. “Tangu usichana wangu mguu hukanyaga pedali kwa kufuata moyo. Tazama.”

Ya kwanza mshono ulinyooka kama rula. Ya pili ulikwenda hatua moja ndefu, moja fupi, mpaka mwisho.

“Hiyo ya pili ni marehemu mume wangu,” akasema. “Alivunjika goti kazini, ghalani, akawa anaburuza mguu. Walipobadilisha, wiki ya kwanza nilimsikia kwenye mlango wa barabarani. Sasa yuko ghorofa ya pili. Hujamsikia ulipokuwa unapanda?”

“Nilisikia cherehani.”

“Kwa miguu hii? Sijashona wiki mbili.”

Nikatazama. Sindano haikuwa na uzi. Pedali ilikuwa imeshika vumbi.

Sauti ya binti yake ikapanda kutoka barabarani. “Mama! Leo ndiyo siku ya kuamua, daktari hatatusubiri!”

“Nakuja, na wewe! Ulizaliwa kabla ya siku zako, ndiyo maana huna subira!” Kisha akanigeukia, sauti imeshuka. “Utafiti umekwisha, wamenifunulia: vipimo vyangu vinasema waya mmoja, ule wa miezi ya kwanza, ndio unaonifaa. Wenzangu wengine imekuwa kinyume. Nikiuchagua nitapumua, lakini sitamsikia tena.”

“Na usipouchagua?”

“Atafika.” Akacheka kidogo. “Siku ya harusi alichelewa vilevile.”

Akazichukua tena zile foronya. Akaikunja ile iliyonyooka, akaitia mkobani, na ile nyingine akaiacha mikononi mwangu.

“Akibisha, mwambie nimehama.”

Akashuka polepole, akishika ukuta. Ghorofa ya pili akasimama. Nilimsikia akisema kwa upole, “Nipishe, baba watoto.” Kisha hatua zake zikaendelea, mlango wa gari ukafungwa, gari likaondoka.

Nikabaki na ufunguo mkononi, nikiutazama mlango ambao hakuufunga.